Mtoto Anapofikicha Macho

Hakuna mzazi asiyemjua mtoto anayefikicha macho. Jua linapotua, mtoto wa miezi mitano au sita hupiga miayo, hukunja ngumi, huisugua machoni, kisha huanza kulia bila sababu inayoonekana. Mama humpakata na kumnyonyesha, na baada ya dakika chache amelala. Hapo hakuna ugonjwa. Lakini mkono uleule, kwa mtoto mwingine, waweza kuwa unaeleza habari ya moshi, ya mchanga, ya usaha, au ya jicho ambalo tangu kuzaliwa halijaona sawasawa. Mtoto hana maneno, ana mkono tu.

Ndugu msomaji, mwezi huu ukurasa wetu wa afya unatazama mkono huo unatuambia nini. Tena tutasema waziwazi juu ya jambo linaloweza kumharibia mtoto jicho upesi kuliko huko kufikicha kwenyewe, nalo ni vitu tunavyotia sisi wakubwa machoni mwake kwa nia ya kumsaidia.

Usingizi, kucha na pilipili

Mtoto wa wiki chache hafikichi macho kwa kukusudia. Mikono yake huenda huku na huko, na ikigusa uso ni kwa bahati. Kuanzia miezi mitatu au minne ndipo anapoweza kuupeleka mkono usoni apendavyo. Kwa hiyo mama akisema kwamba mwanawe wa siku tano "anafikicha macho", muuguzi mwenye busara hatatazama mkono, atafungua kope aone kama kuna uvimbe au uchafu.

Mtoto mwenye usingizi hufikicha macho yote mawili, kwa saa zilezile za kila siku, na akiamka macho yake ni meupe na makavu. Huyo mpe nafasi alale. Kata kucha zake, maana kucha ndogo ya mtoto ni kali kama wembe na huweza kukwangua jicho. Pia kumbuka mikono yako mwenyewe. Mama aliyetoka kutwanga pilipili au kuparua samaki, akimpangusa mtoto uso kabla ya kunawa kwa sabuni, asishangae kelele zitakazofuata.

Dunguni

Tuchukue mfano wa Ngorongo, katika bonde la mto Rufiji. Wakati wa mpunga, familia nyingi za bondeni huhamia mashambani na kukaa kwenye madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ili kulinda mpunga dhidi ya ndege, nguruwe na wanyama wengine. Mtoto anyonyaye hawezi kuachwa kijijini. Huenda na mama yake. Moto huwashwa karibu, wa kupikia na wa kufukuza mbu, na kuni za majira hayo mara nyingi zina unyevu. Moshi hujaa pale pale alipolazwa mtoto.

Mtoto wa namna hiyo hufikicha macho mawili, machozi hutoka mengi lakini ni maji matupu, na akitolewa kwenye upepo safi hutulia. Dawa yake ni kumhamisha tu. Moto uwekwe upande ule upepo unakoelekea, ili moshi uende mbali na dungu. Kuni zianikwe siku mbili tatu kabla ya kutumika, na mama asipike huku amembeba mtoto mgongoni kama yupo mtu mwingine wa kumshika. Najua kwamba wakati wa kuvuna mtu huyo mara nyingi hayupo. Hata hivyo akina baba waweza kumpakata mtoto kwa nusu saa ugali unapopikwa, wala mpunga hautaliwa wote kwa nusu saa hiyo.

Kuhusu mbu, moshi si kinga ya kutegemewa. Chandarua chenye dawa ndicho kinachomkinga mtoto na malaria, na hakimuumizi macho, isipokuwa kwa jambo moja ambalo wengi hawaambiwi vizuri. Chandarua kipya, kikitolewa tu mfukoni, kina harufu kali na dawa iliyozidi juu ya nyuzi. Mtoto akilala ndani yake usiku huohuo, huweza kuamka akifikicha macho na kupiga chafya, na bibi akasema chandarua kina sumu, kikaishia kufunikia vifaranga. Kianike kwanza kivulini kwa muda wa saa 24, kisha kitundike. Usikianike juani, maana jua huharibu dawa.

Mchanga au kimelea cha mpunga kikiingia jichoni, mtoto hufikicha jicho moja na hukataa kulifungua. Mshikeni mikono, mlazeni ubavu, mkamwagie maji safi taratibu kwa kikombe, kuanzia upande wa pua kwenda nje. Msichokonoe kwa kidole, kijiti wala ncha ya kanga. Ikiwa kilichoingia ni chokaa, dawa ya shambani, au mate ya swila, jicho lioshwe mara moja kwa maji mengi kwa muda wa dakika 20 au zaidi, na yatumike maji yoyote safi yaliyo karibu bila kungoja yachemke. Baada ya hapo mtoto apelekwe zahanati, hata kama ameacha kulia.

Usaha katika siku za kwanza

Mtoto aliye chini ya mwezi mmoja, kope zimevimba na macho yanatoa usaha, ni mgonjwa wa haraka. Si wa kesho, wala wa siku ya kliniki. Wakati wa kupita njia ya uzazi mtoto huweza kuambukizwa vijidudu vya kisonono, na usaha wake hujitokeza kwa kawaida kati ya siku ya pili na ya tano. Vijidudu vya klamidia huchelewa kidogo, siku ya tano hadi ya kumi na nne. Vile vya kisonono vina ukali wa pekee, kwani vyaweza kutoboa kioo cha mbele cha jicho katika muda wa siku chache tu, na jicho lililotoboka halirudi kuwa kama lilivyokuwa.

Zamani ugonjwa huu uliwajaza vipofu katika shule za wasioona za Ulaya. Mwaka 1881 daktari Karl Credé wa Leipzig, Ujerumani, alitangaza kwamba tone moja la dawa ya madini ya fedha, likitiwa katika macho ya kila mtoto mara anapozaliwa, lilikuwa limeupunguza ugonjwa huo katika hospitali yake kutoka mtoto mmoja katika kila kumi hadi chini ya mmoja katika kila mia. Siku hizi hutumika malhamu ya macho ya tetrasaiklini ya asilimia 1, hupakwa mara moja katika saa ya kwanza baada ya kuzaliwa. Mama anayejifungulia zahanati anayo haki ya kuuliza, "Mtoto amepakwa dawa ya macho?" Aliyejifungulia nyumbani au njiani ampeleke mtoto siku ileile.

Mtoto aliyekwisha kuugua hahitaji malhamu peke yake. Huhitaji sindano au dawa ya kumeza kwa maelekezo ya tabibu. Na wazazi wote wawili hutibiwa pamoja. Hapa pana ugumu, kwa sababu mama huona haya na baba hukasirika. Tungewasihi akina baba waende. Mama akitibiwa peke yake, ugonjwa humrudia, na mtoto anayefuata atazaliwa katika hatari ileile. Habari ya nani alianza izungumzwe siku nyingine, mtoto akiwa amepona.

Kuna hali nyingine inayofanana na hiyo kwa mbali, nayo haina hatari. Jicho moja la mtoto hulengalenga machozi kila wakati, asubuhi kope zimegandamana kwa utando, lakini jicho lenyewe ni jeupe na halikuvimba. Huo ni mfereji wa machozi ambao haujafunguka. Kwa watoto walio wengi hufunguka wenyewe kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Mama anawe mikono, aweke ncha ya kidole kidogo penye kona ya jicho karibu na pua, akandamize polepole kushuka chini, mara kadhaa kwa siku. Muuguzi amwonyeshe kwanza.

Upindo wa kanga

Mtoto mwenye macho mekundu yanayowasha hufikicha, kisha hushika mto, hushika titi, hushika uso wa dada yake. Mama naye humpangusa kwa upindo wa kanga, na kwa upindo huohuo humpangusa kamasi mkubwa wake. Ndivyo ugonjwa unavyozunguka nyumba nzima. Januari 2024 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa macho mekundu uliosababishwa na virusi, ulioanzia kuonekana Dar es Salaam, na watu wengi waliugua kwa muda mfupi. Macho mekundu ya virusi kwa kawaida hupona yenyewe kwa wiki moja au mbili. Kinachotakiwa ni kunawa mikono na kila mtu awe na kitambaa chake.

Vikope, ambavyo wataalamu huita trakoma, ni jambo zito zaidi. Huanza utotoni kwa macho mekundu yanayowasha na nyuso zenye kamasi na nzi. Mtoto akiambukizwa mara nyingi, kovu hujengeka ndani ya kope, na miaka mingi baadaye kope hupinduka, nyusi za kope hukwaruza kioo cha jicho hadi mtu apofuke. Bibi anayeng'oa nyusi za kope zake kwa koleo kila wiki aliambukizwa alipokuwa mdogo kama mjukuu aliyempakata.

Nchi yetu ina somo lake katika jambo hili. Katika vijiji vya Kongwa, mkoani Dodoma, penye ukame na maji ya shida, watafiti walijaribu kuongeza uhimizaji wa kunawisha watoto nyuso juu ya dawa iliyokuwa ikitolewa kwa wanakijiji. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995 katika jarida la Lancet, nayo yalionyesha kwamba watoto ambao nyuso zao zilibaki safi walipata vikope vikali kwa uchache zaidi. Kama Kongwa waliweza kwa maji yanayobebwa kutoka mbali, sisi tulio kando ya Rufiji hatuna udhuru wa maji, ingawa twajua mto una mamba na si kila mama huthubutu kuteremka. Kopo lililotobolewa tundu dogo na kutundikwa mtini huosha nyuso za watoto kadhaa kwa maji kidogo.

Kumsafisha mtoto mwenye utando machoni kufanyike hivi: chemsha maji, yaache yapoe, chukua pamba au kitambaa safi, pangusa mara moja kutoka puani kwenda nje, kitupe au kifue, kisha chukua kingine kwa jicho la pili.

Dawa zilizomzidishia Tobiti ugonjwa

Katika Kitabu cha Tobiti imeandikwa habari ya mzee aliyeangukiwa na mavi ya ndege machoni, yakafanya utando mweupe. Alikwenda kwa waganga, nao wakampaka dawa. Kadiri walivyompaka ndivyo utando ulivyozidi, hata akapofuka kabisa. Wanaosoma habari hiyo hukumbuka nyongo ya samaki iliyomponya mwishoni. Sehemu ile ya katikati, ya dawa zilizomzidishia, husahauliwa.

Mtoto akifikicha macho siku ya pili, ushauri hauchelewi. Mama mkwe atasema, "Mwanangu, mkamulie maziwa." Jirani ataleta maji ya majani yaliyopondwa. Mwingine atataja mkojo wa mtoto mwenyewe, mwingine maji ya chumvi au ya sukari, na yupo atakayefungua kabati na kutoa kichupa cha dawa alichobakiza mume wake mwaka jana. Wote hao wanampenda mtoto. Lakini katika uchunguzi uliofanywa vijijini Tanzania na kuchapishwa mwaka 1994, robo hivi ya wagonjwa waliokutwa na vidonda vya kioo cha jicho walikuwa wametumia dawa za kienyeji machoni. Utomvu wa majani mengine huunguza. Mkojo waweza kubeba vijidudu vya kisonono vilevile tulivyovitaja. Majani yakipondwa kwenye kinu kilichotwangiwa jana yanapeleka uchafu wa jana jichoni.

Maziwa ya mama ni chakula kisicho na mfano, na tone moja likiingia jichoni kwa bahati halitamdhuru mtoto. Ubaya wake ni siku tatu za kungoja kama yatafanya kazi, wakati usaha unaendelea. Mtoto anufaike nayo kwa kunyonya.

Kuhusu wanja, mila ya pwani ya kumpaka mtoto mchanga ni ya siku nyingi, na hapa hatutaki kubishana na mila. Ila wanja mwingine wa dukani una madini ya risasi, ambayo huingia mwilini na kudhuru ubongo wa mtoto. Na kidole au kijiti kinachopaka watoto watatu hupeleka macho mekundu kwa watoto watatu. Mapambo yasubiri.

Hata dawa ya dukani ina hatari zake. Matone mengine yana dawa za jamii ya steroidi; huondoa wekundu kwa siku moja, mama akafurahi, kumbe huficha kidonda kikue, na yakitumiwa muda mrefu hupandisha presha ya jicho. Usinunue matone ya macho ya mtoto bila kuandikiwa na tabibu.

Surua na karata ya kliniki

Mtoto mwenye homa, mafua, vipele na macho mekundu anayoyafikicha na kukimbia mwanga huenda ana surua. Miaka ya themanini, kati ya watoto 130 wa Tanzania waliochunguzwa kwa vidonda vya kioo cha jicho, zaidi ya theluthi walikuwa wametoka kuugua surua. Tangu mwaka 2014 chanjo ya surua na rubela hutolewa nchini pamoja, miezi 9 na miezi 18. Rubela nayo, mama akiipata katika miezi ya mwanzo ya ujauzito, huweza kumzalia mtoto mwenye ukungu ndani ya macho yote mawili. Matone ya vitamini A hutolewa kuanzia miezi 6 hadi kabla ya miaka mitano, mara mbili kwa mwaka. Mtoto aliyeanza kula apewe mchicha, kisamvu, matembele na papai, na maembe, ambayo Rufiji huyauza kwa malori mjini huku watoto wengine wa palepale wakiyakosa mezani.

Asingojwe nani?

Yupo mtoto ambaye hafikichi kwa kiganja, bali huchoma kidole au kifundo cha ngumi ndani kabisa ya tundu la jicho, tena na tena, kana kwamba anatafuta kitu. Baadhi ya watoto wasioona vizuri hufanya hivyo. Mwangalie: je, anakufuata kwa macho unapopita kimya mbele yake? Je, anacheka akiuona uso wako, au akisikia sauti yako tu? Mtoto wa miezi mitatu asiyefuata uso apelekwe kupimwa.

Mboni ikionekana nyeupe, au iking'aa kama jicho la paka mwanga unapoipiga, mtoto aende hospitali wiki hiyohiyo. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, ambao hutokea hata kwa watoto wachanga, na ukichelewa kutolewa ubongo wa mtoto haujifunzi kuona. Inaweza pia kuwa saratani ya jicho, ambayo ikiwahiwa mtoto huishi. Vilevile jicho lililo kubwa kuliko la mwenziwe, lenye ukungu na machozi, kwa mtoto anayeficha uso asione mwanga, huenda lina presha ndani yake.

Usaha kwa mtoto wa chini ya mwezi mmoja, doa jeupe juu ya jicho, kope zilizovimba hata jicho halifunguki, homa pamoja na uvimbe kuzunguka jicho, hayo yote ni ya leo. Anzieni zahanati, muombe rufaa ya Utete au Mchukwi, na wakiona inafaa watawapeleka Dar es Salaam, Muhimbili au CCBRT. Wakati wa masika amueni mapema zaidi. Aprili 2024, mafuriko yalipoingia vijiji vya Rufiji na Kibiti, njia zilizokuwa za saa chache zilikuwa hazipitiki kabisa.

Njiani msimfunge mtoto bandeji jichoni. Mvisheni soksi safi mikononi asijikune, anyonye kama kawaida. Chukueni karata yake ya kliniki, na kama kuna kitu kilichokwisha kutiwa jichoni, kiwe kichupa au majani, kichukueni pia mkamwonyeshe tabibu bila woga. Anahitaji kukijua ili achague dawa.